Ruta Iko Nyumbani, Ufunguo Uko Nairobi

Binti khalati wangu ni muuguzi huko Kericho. Ameolewa huko miaka kumi na sita sasa, na bwanake, Mkipsigis aliyesilimu kabla ya nikaha, ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Si mtu wa kupiga simu usiku ila pawe na jambo. Novemba iliyopita alinipigia baada ya Isha, sauti chini kama mtu aliyejifungia chumbani. "Kaka, wewe si ulisomea kompyuta? Nataka kufunga kitu kwenye waifai na yanikatalia."

Kitu chenyewe ni ule mchezo wa kamari wa kindege kinachopaa, ambao hauna haja ya kutajwa jina. Vijana wa Kenya nzima waujua. Mwanawe wa kwanza ana miaka 14. Mama akirudi kutoka zamu ya usiku na kulala, mtoto alikuwa akiichukua simu yake, anaweka shilingi mia, kisha mia mbili, kisha mia tena. Mama alikuja kugundua siku alipokaa akasoma jumbe za M-Pesa za wiki tatu kwa mpigo: elfu sita na mia nne zimekwenda. Namba ya siri aliibadilisha siku hiyohiyo. Lakini mtoto ana simu yake kuukuu, na mdogo wake wa miaka tisa hushinda mbele ya televisheni inayoshika intaneti. Mama alitaka tovuti za namna hiyo, pamoja na zile za picha chafu, zisifunguke ndani ya nyumba yake kwa kifaa chochote. Ada ya intaneti hulipa yeye.

Nikamwambia, tena kwa kujiamini, hilo ni jambo la dakika tano: badilisha DNS kwenye ruta. Diploma yangu ni ya enzi za flopi, lakini hilo nilijua. Dakika hizo tano zikaja kunigharimu safari ya Kericho na siku mbili nzima.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuisikia DNS: kwenye intaneti kila mtambo hujulikana kwa namba. Sisi wanadamu hatuwezi kukariri namba hizo, kwa hivyo twaandika jina, na kati ya jina na namba hukaa karani. Karani huyo ndiye DNS, mpango aliobuni Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983 na ambao watumika hadi leo. Ukigusa jina la tovuti, simu yako kwanza humuuliza karani: huyu apatikana namba gani? Akijibu, waenda. Akisema simjui, basi kwako wewe tovuti hiyo haipo, ingawa iko palepale ilipo.

Usipofanya lolote, karani wako ni wa kampuni iliyokuuzia intaneti. Wako wengine wa bure. Google inaye tangu 2009, namba yake 8.8.8.8. Cloudflare inaye tangu 2018, 1.1.1.1. Quad9, shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi, latumia 9.9.9.9. Na mwaka 2020 Cloudflare iliongeza karani wa nyumba zenye watoto, 1.1.1.3, ambaye hukataa kutaja namba za tovuti za ngono na zile zenye virusi. Ukiiandika namba hiyo kwenye ruta mara moja, kila simu, kompyuta na televisheni iliyo kwenye waifai ya nyumba humfuata karani huyo, bila wewe kugusa kifaa kimoja kimoja. Ndiyo maana nilisema dakika tano.

Nilipanda basi wakati wa likizo ya Disemba. Sisi wa Mombasa twaijua Kericho kwa mifuko ya chai inayoteremka bandarini. Mnada wa chai uko kwetu tangu 1969, na tangu 2020 wauzaji na wanunuzi hushindana bei kwenye skrini badala ya kupigiana kelele ukumbini. Watu wachache huwaza kwamba na sisi twawapandishia kitu. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na sehemu kubwa ya intaneti inayowaka katika vilima vile vya kijani imeanzia ufukweni petu. Chai yateremka, intaneti yapanda. Kericho mvua huja alasiri karibu kila siku, na mtu wa Pwani hulala na blanketi tatu. Nililala na nne.

Asubuhi tukakaa na ruta. Nikaandika 192.168.100.1 kwenye kompyuta, nikaingiza jina na neno la siri vilivyobandikwa chini ya kifaa, na ukurasa ukafunguka vizuri. Twaweza kubadilisha jina la waifai. Twaweza kubadilisha neno la siri la waifai, na hata kuizima. Kisha nikafika penye DNS. Sehemu iko, namba zimeandikwa, lakini kisanduku ni cha kijivu. Wabonyeza na hakibonyezeki. Ni kama kupewa nyumba ya kupanga ukaambiwa waweza kupaka rangi mlango ila kitasa usikiguse.

Tukapiga simu kwa kampuni. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. "Mama, sehemu hiyo ni ya mafundi wetu pekee." Basi tuwekeeni nyinyi? Haiwezekani, ni sera. Je, mna huduma yoyote ya kuzuia tovuti mbaya kwa ajili ya watoto? Hapo tukachezewa muziki dakika nne, kisha akarudi: kwa sasa hakuna.

Ruta hizi huwa na akaunti mbili. Moja ni ya mteja, nyembamba. Nyingine ni ya kampuni, pana, na kampuni haina haja ya kuja nyumbani kuitumia. Uko utaratibu uitwao TR-069, uliotoka mwaka 2004, ambao huiwezesha kampuni kuingia ndani ya ruta yako kutoka mbali, ikasoma mipangilio, ikabadilisha, ikaweka programu mpya. Ndiyo maana mtu aweza kufaulu kubadilisha kitu usiku akakikuta asubuhi kimerudi kilivyokuwa. Kifaa kiko sebuleni kwako, juu ya kitambaa ulichofuma mwenyewe, lakini anayekiamuru yuko ofisini Nairobi.

Nisiwadhulumu. Wana sababu, na sababu yenyewe si ya uongo. Karani wa DNS akibadilishwa na mwizi, mwizi aweza kukuelekeza kwenye benki bandia nawe usijue. Novemba 2011 Marekani ilivunja genge lililosambaza kirusi cha DNSChanger, kilichokuwa kimewabadilishia karani wenye kompyuta karibu milioni nne katika nchi zaidi ya mia. Brazili, kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza mwaka 2012 jinsi wezi walivyoingia katika modemu milioni nne na nusu za majumbani, wakazipa makarani wao. Kampuni ikifunga sehemu ile, yapunguza hatari hiyo, tena yajipunguzia simu za wateja waliokoroga mipangilio. Nayaelewa yote hayo. Lakini mwizi akizidi mtaani, mwenye nyumba huongezewa kufuli, hanyang'anywi ufunguo. Ingetosha kuweka onyo jekundu na neno la siri la pili ambalo mteja hupewa akijitambulisha.

Tena kuna sheria. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010, zilizotungwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zawataka watoa huduma waweke njia za kumwezesha mzazi au mlezi kuzuia mtoto asifikie maudhui yenye madhara. Na Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo kwa sekta nzima kuhusu usalama wa watoto mitandaoni. Kwa hiyo mzazi anayetaka kufunga haombi hisani. Ametumia njia pekee iliyomo ndani ya kifaa alichopewa, akaikuta imepakwa kijivu.

Basi tukatafuta njia ya pembeni, na nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu najua wako wanaoisoma safu hii wakiwa na tatizo hilihili Likoni, Malindi na Lamu.

Tulianza na simu. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Hapo huandikwi namba, huandikwa jina la karani. Yule wa Cloudflare wa familia huitwa family.cloudflare-dns.com. Lakini yeye hazuii kamari, na kamari ndiyo iliyonipandisha Kericho. Kwa hiyo kwenye simu za watoto tukaweka NextDNS, ambayo humruhusu mzazi achague mwenyewe makundi ya kuzuia, kamari ikiwamo, na ni bure hadi maswali 300,000 kwa mwezi. Uzuri wa njia hii ni kwamba karani huyo humfuata mtoto hata akitoka kwenye waifai na kutumia bando. Ubaya wake ni kwamba mtoto akijua ilipo sehemu hiyo, aizima kwa sekunde kumi. Kwenye iPhone ukibadilisha namba hizo kwa mkono, mabadiliko huhusu waifai ile moja tu. Ukitoka nje yameisha.

Kisha televisheni na wageni. Tulikwenda mjini tukanunua ruta ya pili, elfu mbili na mia nane. Kijana wa duka akacheka: "Hata wewe mzee wamekufungia?" Kumbe si sisi wa kwanza. Waya mmoja ukatoka tundu la ruta ya kampuni hadi tundu la kuingizia intaneti la ruta yetu. Waifai ya kampuni tukaizima, kwa kuwa hilo turuhusiwa. Ruta mpya tukaipa 1.1.1.3, na katika orodha yake ya kuzuia tukaandika kwa mkono majina saba ya tovuti za kamari ambayo mama aliyakuta kwenye simu. Neno la siri la ruta hiyo alijua yeye na bwanake tu. Sasa ufunguo mmoja uko nyumbani, ingawa umewagharimu elfu mbili na mia nane na safari ya binamu kutoka Mombasa. Je, jirani yake asiye na binamu?

Sitaki msomaji adhani hili ni boma. Mtoto akienda kwa rafiki yake, hayumo. Kivinjari kingine huwa na karani wake chenyewe na humruka yule wa ruta. Na kuna swali la amana: ukimkimbia karani wa Nairobi ukamwendea wa Marekani, umebadilisha tu mtu anayeona orodha ya tovuti zako. Cloudflare yaahidi haiuzi habari hizo. Ahadi ni ahadi. Mimi nimeridhika nayo kwa kuwa nimechagua mwenyewe na kesho naweza kumbadilisha. Yule wa kwanza nilipewa pamoja na kifaa.

Jioni ile, mvua imekatika, shemeji akauliza swali ambalo nimelisikia pia barazani kwetu. Kwa nini taabu yote hii? Serikali si ina mitambo? Ifunge kamari na uchafu wote nchi nzima, wazazi wapumzike.

Kamari kwanza: iliyo na leseni ni biashara halali kwa aliyetimiza miaka 18, na sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 haikubadilisha hilo. Serikali haitafunga kinachoiletea kodi. Mzazi ndiye atakayefunga, asipofunga yeye hakuna wa kumfungia.

Lakini swali la shemeji ni pana kuliko kamari. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandao. Yaipa kamati ya taifa inayoratibu masuala hayo uwezo wa kuamuru tovuti au programu isifikike, ikithibitishwa kwamba yaendeleza shughuli haramu, ngono inayohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za kidini na madhehebu potofu. Wengi waliunga mkono, na kwa sisi tulioona yaliyofukuliwa Shakahola mwaka 2023, neno madhehebu potofu halihitaji maelezo. Wanaopinga walifika Mahakama Kuu ndani ya siku chache. Swali lao ni fupi: ithibitishwe mbele ya nani?

Pwani tuna kumbukumbu ya swali hilo. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilichapisha orodha ya watu na mashirika iliyowahusisha na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Humo mlikuwamo Haki Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa. Ilibidi yaende mahakamani, na mwaka ukakaribia kwisha ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru akaunti zifunguliwe. Orodha ilitangulia, kusikizwa kukafuata nyuma. Nikamwambia shemeji: hebu fikiria orodha kama ile, ila badala ya akaunti za benki ni tovuti, na badala ya gazeti rasmi la serikali ni barua kwa kampuni za intaneti. Chuo cha dini kikiingizwa humo kwa makosa, mwanafunzi atajuaje? Ataona ukurasa haufunguki, atadhani ni mvua.

Na hatuzungumzi ndoto. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilikatizwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE kwa hoja ya kuzuia wizi wa mitihani, na wafanyabiashara waliokuwa wakiitumia kazini wakatiwa kapu moja na wezi hao. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, waandamanaji wakiwa mlangoni pa Bunge, intaneti ikazorota, na maelezo tuliyopewa ni hitilafu katika nyaya za baharini. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kukataza kuzimwa kwa intaneti. Majirani zetu Tanzania hawakubahatika hivyo: mtandao wa X ulizibwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa nchi nzima. Wenye jamaa Tanga na Unguja wakumbuka siku zile za simu zisizojibiwa.

Njia za kufunga ni nyingi, na kubadilisha DNS hakutoboi kila ukuta. Intaneti ikizimwa yote, karani wa Uswisi hana la kukusaidia. Lakini DNS ndiyo njia nyepesi na rahisi kuliko zote. Machi 2014 Uturuki ilipoifunga Twitter, ilianza hapohapo, na watu wa Istanbul wakaandika 8.8.8.8 kwenye kuta za mitaa ili wapita njia wajue pa kupitia. Siku chache baadaye serikali ikayaziba hayo pia. Ruta inayokataa kubadilishiwa karani ingeirahisishia kazi serikali ile tangu siku ya kwanza.

Shemeji alisikiliza yote, akanywa chai yake, akasema: "Kwa hiyo mwataka kila mzazi awe fundi wa kompyuta?" Hoja yake ina uzito, na sikuwa na jibu la haraka. Mama wa Silibwet anayechuma chai hadi saa tisa hana wakati wa kusoma habari za karani wa faragha. Ndipo nikaona kwamba tunachopaswa kuidai si ile sehemu ya kijivu peke yake. Kampuni ingeweza kumpa mteja chaguo kwa simu ya kawaida, kwa kubonyeza namba kama anunuavyo bando: nyumba yangu ina watoto, nifungie ngono, nifungie kamari, au, niache kama nilivyo. Kazi hiyo yafanyika kwenye mitambo yao bila fundi kutoka ofisini. Mzazi aamue, nyumba moja moja, na kesho akitaka kufungua afungue. Mamlaka ya Mawasiliano ina kanuni za kuidai kampuni hilo leo, bila kusubiri sheria mpya. Na wabunge wetu wa Pwani, ambao husimama kila mara kulaani kamari kwenye mikutano, wangeuliza swali hilo Bungeni ningewaandikia safu nzima ya sifa.

Kuhusu mtoto, sikumhubiria. Babake alikuwa na njia yake. Jumamosi alimpeleka kwa babu yake Bomet, mwenye shamba dogo la chai, akachuma tangu asubuhi hadi gari la kukusanya majani lilipofika kituoni. Kikapu chake kikapimwa pamoja na vya wengine. Babu akamfanyia hesabu palepale kwenye mizani, ni kilo ngapi za majani hutimiza elfu sita na mia nne. Njiani kurudi hakusema neno.

Kabla sijaondoka tuliiandikia kampuni malalamiko rasmi, tukataja kanuni za 2010, tukaomba moja kati ya mawili: mtufungulie sehemu ya DNS, au mtuwekee kichujio cha watoto nyinyi wenyewe. Wakajibu kwa ujumbe wenye namba ya kumbukumbu na shukrani kwa kuwa wateja waaminifu. Binti khalati aliinakili namba hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ijayo, wasipojibu, malalamiko yatapelekwa kwa Mamlaka. Juzi nilimuuliza kama kuna lolote; akafungua ukurasa wa ruta ya kampuni akanitumia picha. Kisanduku bado ni cha kijivu.